Msiba wa Shemeji

Simu iliita Mama akiwa anamenya karoti. Aliibana kati ya sikio na bega, akasikiliza, kisu kikasimama.

"Lini?" akauliza. Kisha, "Mmemweka wapi?" Kisha akaketi bila kutazama kama nyuma yake kuna kiti. Bahati nzuri kilikuwepo.

"Shemeji amefariki," akaniambia.

Dirisha la jikoni kwetu linatazamana na dirisha la jikoni kwa Mama Pacha, na baina yao hakuna siri inayoweza kupita bila kusikika. Kabla sijamaliza kumletea Mama maji, jirani alikuwa ameshaingia, kashavaa nguo ya msibani, uso umemshuka.

"Poleni jamani. Ni shemeji yupi?"

"Shemeji yake marehemu mume wangu," Mama alisema huku akijifuta macho.

Mama Pacha akapiga hesabu ya undugu kichwani. "Basi si ni kaka yako!"

"Tuseme hivyo."

"Maskini. Aliumwa?"

"Hatujui bado. Wananisubiri niende tukampasue."

Mama Pacha akaziba mdomo kwa kiganja. Ilibidi nimvute pembeni, karibu na jiko, nimnong'oneze. "Mama Pacha, Shemeji ni fuko."

"Fuko gani?"

"Mnyama. Yule anayechimba chini."

Alinitazama, akamtazama Mama, ambaye sasa machozi yalikuwa yanadondokea kwenye karoti. "Lakini analia kweli," akasema kwa sauti ya chini.

"Analia kweli."

"Basi pole ni pole," akasema, akavuta kiti, akakaa naye.

Hadithi yenyewe inaanza kabla sijazaliwa. Mama alikuwa ametoka chuo, msichana mwembamba mwenye shahada mpya na koti jeupe lililomvuka magoti, akapewa kazi ambayo wenzake wote walikuwa wameikwepa: kulea fuko. Si hawa mnaowajua wa kufukua mashamba. Hawa ni wadogo, mmoja anaenea kiganjani, hawana manyoya, ngozi yao imekunjamana kama vidole vilivyokaa sana kwenye maji ya kufulia, na meno mawili marefu yanatokeza nje hata wakifunga midomo. Wanaishi chini ya ardhi kwa makundi. Kila kundi lina malkia mmoja anayezaa, na waliobaki ni vibarua wake. Mama aliajiriwa kusaidia kutafuta jibu la jambo moja: kwa nini viumbe hawa, wenye ukubwa wa panya, wanaishi miaka mingi kuliko ng'ombe, tena bila dalili ya kuzeeka, na karibu hawaugui kansa kabisa?

Walifika ndani ya masanduku wakati chumba chao hakijawa tayari. Walihitaji mashimo, na chumba kilikuwa ghorofa ya pili. Chuo kikamwita fundi bomba.

Fundi alikuja akidhani anakwenda kuziba sinki. Alipofunuliwa sanduku alicheka mpaka akashika ukuta. "Dada, hawa wamezaliwa wazee!" Lakini alikaa chini, akachora, akapima, akaanza kuunganisha mabomba ya plastiki inayoonyesha ndani, kona hapa, njia panda pale, chumba cha kulala, chumba cha chakula, choo. Ndiyo, wana choo. Fuko hawa ni wasafi kuliko wapangaji wengi.

Kati ya vibarua kulikuwa na dume mmoja kijana. Kila fundi alipofungua mwisho wa bomba, yeye alikuja mbio, akainua pua, akakinusa kidole cha fundi, na hakuondoka mpaka fundi aondoke.

"Huyu ananichunguza kama kaka wa bibi harusi," fundi alisema. "Vipi, shemeji?"

Mama alijifanya hakusikia. Kazi ya wiki moja ikachukua miezi. Kila Ijumaa kulikuwa na bomba linalovuja, na ndani ya mabomba yale hapakuwa na maji. Mwishowe fundi alisimama mlangoni, kofia mkononi, akasema, "Shemeji ameshanikubali. Sasa sijui dada yake anasemaje." Mama akamwambia kwanza arudishe spana ya maabara. Aliirudisha, na wakaoana. Nilipozaliwa mimi, Shemeji alikuwa tayari ni dume mzima.

Nimekulia kwenye kile chumba. Baada ya shule nilipanda ngazi, nikavua viatu, nikaingia kwenye joto zito lenye unyevu, kama pumzi ya mtu aliye karibu sana na uso wako. Taa ilikuwa nyekundu na hafifu, kwa kuwa wanyama wale hawana kazi na mwanga. Nilifanya kazi za shule pale sakafuni, na kwa kuwa kila kitu kilikuwa chekundu, alama za makosa alizoweka mwalimu kwa kalamu nyekundu hazikuonekana kabisa. Ndani ya chumba kile nilikuwa mwanafunzi bora. Juu ya kichwa changu vibarua walipita kwenye mabomba, kwenda mbele na kurudi kinyumenyume kwa kasi ileile, wamebeba vipande vya viazi vitamu. Walipokutana waliamkiana kwa mlio mdogo laini, kama ndege aliyefunikwa blanketi. Huwa hawapitani bila kuamkiana.

Baba aliujua ule mlio. Alikunja midomo na kuutoa vilevile, na kwa nyumba yetu ndio uliokuwa hodi. Jioni ulisikika mlangoni, nami nikajibu kutoka chumbani, Mama akajibu kutoka jikoni, ndipo akaingia. Mara moja nilipotea sokoni nikiwa mdogo, nikasimama katikati ya miguu ya watu nikiwa tayari kulia, nikausikia kwa mbali. Nikaufuata mpaka kwenye suruali yenye madoa ya gundi ya mabomba.

Nilikuwa nakaribia kumaliza shule ya sekondari Baba alipougua. Tulidhani ni vidonda vya tumbo. Ilikuwa kansa, na ilikuwa imeshatambaa. Kufikia wakati huo Mama alikuwa mtafiti anayejulikana, anaalikwa kwenye mikutano kueleza habari za wanyama wasiougua kansa. Baba alilala kitandani, amekonda hadi pete inamtoka kidoleni, na bado anatania.

"Muulize Shemeji," alimwambia Mama. "Ndugu gani huyo, ana dawa mfukoni na anatutazama tu?"

Mama hakucheka. Alimgeuza upande wa pili, akampangia mito mgongoni.

Baada ya mazishi hakukanyaga maabara kwa muda mrefu. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Wako vilevile. Naingia, nawakuta wako vilevile. Siwezi." Hatimaye alirudi, maana hakuwa na kwingine pa kwenda. Miaka ikapita. Katika nchi nyingine, watafiti wengine waligundua kwamba miili ya fuko hawa imejaa ute mzito unaonata, unaozizuia chembe za mwili zisirundikane ovyo. Baadaye wakaichukua jeni inayohusika, wakawawekea panya, na panya wale wakapungukiwa na kansa na wakaishi muda mrefu kidogo kuliko wenzao. Mama aliisoma habari hiyo mezani, tukiwa tumemaliza kula. "Hongera zao," alisema. Akainuka, akaosha vyombo ambavyo mimi nilikuwa nimeshaviosha.

Alistaafu magoti yalipokataa ngazi. Shemeji akabaki.

Siku ile ya simu nilimwendesha mpaka chuoni. Alikuwa amevaa koti lake jeupe la zamani, na sikuona sababu ya kumwambia chochote kuhusu vifungo visivyofungika tena. Ngazi alizipanda akipumzika kila penye kona, huku akiitukana lifti iliyoharibika kama vile inasikia.

Miwani alitupokea mlangoni. Ndivyo tulivyomwita tangu alipokuwa mwanafunzi wa Mama, naye sasa ndiye mkuu wa maabara. Miwani ni ileile, ila upara umeanza kumnyemelea.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Amekufa vipi?"

"Tumemkuta asubuhi kwenye chumba cha kulala. Wenzake walikuwa wamemlalia juu, kama kawaida. Ana kidonda cha kuumwa pajani, cha siku nyingi kidogo."

"Nani kamuuma?"

"Malkia amekuwa na hasira wiki hizi."

"Mshenzi," Mama akasema, na akaingia.

Joto lilinipokea lile lile. Kulikuwa na mengi mapya: kamera ndogo juu ya kila makutano, kompyuta zinazonguruma, spika zilizofichwa. Lakini kundi la Shemeji lilikuwa bado ndani ya mabomba ya Baba. Plastiki ilikuwa imegeuka njano na kukwaruzwa na meno mpaka huoni vizuri ndani. Kwenye maungio kulikuwa na alama za kidole gumba pale alipofuta gundi iliyozidi. Nilikuwa nimesahau kwamba alikuwa na tabia ya kufuta gundi kwa gumba. Mama alimkataza mara elfu.

Sijui nilikuwa nafikiria nini. Niliinama kwenye mdomo wa bomba, nikakunja midomo, nikatoa ule mlio wetu.

Ndani kukawa kimya. Vibarua wawili walisimama. Mmoja alisogea, akainua pua, akasikiliza, kisha akarudi kinyumenyume mbio kama aliyegongewa mlango na mgeni.

"Hawakuelewi," Miwani alisema. Akaona nimekunja uso, akaniketisha mbele ya kompyuta. "Ngoja nikuonyeshe. Watu wamegundua kwamba kila kundi la fuko hawa lina lafudhi yake. Kompyuta ikisikia mlio mmoja inaweza kukisia huyu ni wa kundi gani. Watoto hawazaliwi nayo, wanajifunza. Ukimhamishia mtoto kundi jingine, anakua anaongea kama waliomlea. Na malkia ndiye anayeishikilia. Akifa, kundi zima linaanza kubabaika."

"Na huyu malkia wa sasa?"

"Ni wa pili. Wa kwanza alikufa miaka michache baada ya baba yako. Majike walipigana, huyu akashinda. Tukilinganisha na kanda za zamani za Mwalimu, lafudhi imehama. Ule mlio wako ni wa enzi za malkia wa kwanza. Hawa wote unaowaona hapa wamezaliwa baada yake. Aliyekuwa amebaki ni Shemeji peke yake."

Nilitazama mistari ya sauti kwenye kioo. Basi kile tulichokuwa tunaitana nacho mlangoni kilikuwa lugha ya watu fulani, na watu hao wameisha, tumebaki mimi na Mama. Nilitaka kumwambia, lakini yeye alikuwa ameshaingia chumba cha pili na alikuwa anavaa glavu.

Shemeji alilazwa juu ya meza ya chuma, kwenye kitambaa cha bluu. Alionekana mdogo sana kwa mtu aliyenizidi umri. Mimi kazi yangu ni kutengeneza meno ya bandia, kwa hiyo macho yalinikimbilia kwenye meno. Yalikuwa yametumika kweli, moja limekatika pembeni, lakini imara. Kwa ngozi tu nisingeweza kumtofautisha na yule wa utotoni mwangu.

"Utapasua mwenyewe, Mwalimu?" Miwani aliuliza.

"Kwani nimekuja kutazama picha?"

Alichukua kisu kidogo. Mkono ukaanza kutetemeka. Si kwa huzuni. Ulikuwa unatetemeka hivyo siku hizi hata akimimina chai. Akauweka chini, akaushika kwa mkono wa pili, akajaribu tena. Miwani alitazama dari kwa heshima.

"Njoo," Mama akaniita bila kugeuka. "Wewe una mkono mtulivu. Nishike hapa."

Nikasimama nyuma yake, nikamshika kifundo cha mkono kama yeye alivyonishika nilipokuwa naanza kuandika. Mkono wake ndio ulioongoza. Wangu ulizuia tu mtikisiko. Ngozi ilikuwa inateleza na kunyumbulika, haitaki kukatika. "Ule ute," alinong'ona. Akaufungua mwili polepole. Moyo ulikuwa mwekundu, safi. "Tazama mishipa. Ungesema ni wa kijana." Mapafu safi. Figo zimechoka kidogo. Alimwambia Miwani maneno ya kuandika, na sauti yake ikawa ile ya zamani, kavu, ya haraka, hadi nikajikuta nimesimama wima.

Kisha akafika kwenye ini, mikono yetu ikasimama.

Pembeni mwa ini kulikuwa na kitu cheupe, kigumu, kidogo kuliko mbegu ya papai.

"Mwalimu," Miwani alisema, "huu si uvimbe wa—"

"Usiseme. Tuone kwanza kwenye hadubini."

Walikata kipande, wakakigandisha, wakakichana chembamba kuliko karatasi, wakakipaka rangi. Mama alikaa kwenye hadubini, akasogeza kioo kidogo kidogo. Alikaa sana. Miwani aliuma kucha. Mimi niliosha mikono mara mbili bila sababu.

"Ni kansa," akasema.

Miwani aliangalia na yeye. "Ni kansa! Mwalimu, unajua ni wangapi duniani wamewahi... Na tazama, imezungushiwa ukuta! Ule ute umeifunga pande zote, haikwenda popote. Huenda alikuwa nayo kwa miaka, hata hakujua!" Sauti yake ilikuwa imepanda kama ya shabiki wa mpira. Ghafla akakumbuka yuko na nani, akaishusha. "Samahani, Mwalimu."

"Furahi tu, mwanangu. Hata mimi nafurahi, nitafika huko."

Akarudi kwenye meza. Akavua glavu moja, jambo ambalo wakati wake angemfukuzia mtu kazi, akaweka kidole juu ya kichwa cha Shemeji, katikati ya vijicho vile vidogo visivyoona.

"Kumbe na wewe," akasema. "Kumbe na wewe, Shemeji wangu."

Kilichomuua, walikuja kuthibitisha baadaye, ni kile kidonda cha pajani. Sumu ilikuwa imeingia kwenye damu. Malkia ndiye aliyemmaliza, si kansa.

Ndani ya gari Mama alikaa na koti lake mapajani. Kwenye taa za pili za barabarani akaanza.

"Unajua niliwakasirikia?"

"Fuko?"

"Fuko. Na Shemeji zaidi. Nilikuwa naingia pale baada ya baba yako, ananijia mwisho wa bomba, ananinusa kidole, mzima wa afya, na mimi nasema moyoni, wewe una kitu na umetunyima." Akatazama nje. "Nilimkasirikia na baba yako, kwa kutokuwa fuko."

"Mama!"

"Ndiyo. Ungekuwa wewe ungewaza nini?" Kisha akaanza kucheka, na kicheko kikageuka, nami nikaegesha gari pembeni mbele ya duka la vipuri. Muuza duka alitoka kutuuliza kama gari limeharibika. Nikamwambia hapana, tuna msiba. "Wa nani?" akauliza. Mama akajibu kwa niaba yangu, akiwa bado anapangusa uso: "Wa mume wangu." Muuza duka akasema pole sana, akaingia ndani, akarudi na chupa mbili za maji.

Tulipofika nyumbani alikwenda moja kwa moja kitandani na viatu vyake. Nilimvua. Alilala alasiri yote, usingizi mzito wa mdomo wazi, kitu ambacho sikuwahi kumwona akifanya mchana tangu Baba augue.

Ile kansa ya Shemeji ilizaa kazi. Vipande vya ini viligawanywa kwa maabara tatu, wakasoma vinasaba vya ule uvimbe, wakatafuta jeni zipi ziliwaka na zipi zilizimwa kuujengea ukuta. Majibu hayajakamilika, na Mama hamruhusu mtu yeyote kusema yamekamilika. Miwani alipoandika ripoti ya kwanza alimletea nyumbani aisome, naye akakata nusu ya maneno. "Ni mnyama mmoja," alimwambia. "Mmoja! Unaandika kama umeponya dunia."

"Basi njoo uandike wewe, Mwalimu."

Miwani alidhani ni utani tu. Juma lililofuata Mama alipanda zile ngazi tena, akadai kiti chenye mgongo na chai isiyo ya mashine, akapewa vyote viwili.

Sasa nampeleka kila Jumatano. Namshusha mlangoni, anakataa nimshike mkono, anaanza kupanda. Nakaa ndani ya gari kidogo na dirisha wazi, maana sauti yake inafika chini. Jana nilimsikia akiwa bado kwenye ngazi, pumzi imemwishia, akifoka kupitia mlango uliofungwa kwamba kioo cha mlango hakina mvuke, chumba kimepoa, nani amegusa kipimo cha joto, na kwamba malkia ana mimba na hawa watu wamekaa tu.